Safari ya Kumfuata Baba Mdogo kwa Ajili ya Ngitili

Acheni nianze na upumbavu wenyewe, maana bila huo nisingefika Geita. Likizo ya Juni, nikiwa kidato cha pili, alikuja kijijini kwetu, jirani na Mhunze, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kahama, amevaa miwani ya jua. Aliulizia mwenye ngitili, yaani yale malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili kiangazi yaokoe mifugo. Nikavaa koti la marehemu baba, nikakohoa kizee, nikamtembeza.

"Kuanzia hapa mpaka bwawani, yote yetu," nikasema.

Yetu ilikuwa kipande kimoja tu, chenye ua wa minyaa. Kwingine kote kulikuwa kwa kijiji. Ujira wangu ulikuwa kuvaa miwani yake mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata habari zikafika: jamaa amemfuata baba mdogo Masanja huko machimboni Geita, na baba mdogo amekubali kuuza. Mama akakaa kimya, na mama yangu akikaa kimya ni heri akupige. Njia ya ng'ombe wa kijiji kizima kwenda bwawani inapita kwenye kipande chetu. Tena mama alikuwa amepanga kusema kwenye mkutano wa kijiji kwamba kipande kiunganishwe na ngitili ya kijiji, kisiuzwe na mtu yeyote milele. Lakini tangu baba afariki, neno la ardhi lilikuwa la baba mdogo. Mjane angesikilizwa kwa adabu, kisha watu wangeendelea na mazungumzo yao.

"Mdomo ulishatangulia Geita," akaniambia. "Na miguu iufuate. Umlete kabla ya mkutano."

Asubuhi nilipanda basi Shinyanga. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwenye jogoo aliyeninyea kiatu. Bibi akasema ni baraka. Nikamwambia baraka kama hizo awe anawagawia na wengine.

Kahama, jua likiwa utosini, nilikuwa natafuta lori stendi nikaiona ile miwani. Nikajificha nyuma ya magunia ya mpunga, lakini masikio yangu hayajui kujificha.

"Mwenye mali!" akaita. "Na wewe unapanda basi?"

"Gari liko gereji, mzee."

Akacheka sana. "Baba yako mdogo mtu mzuri. Nitazungusha seng'enge mpaka bwawani."

"Na ng'ombe wa watu?"

"Si watazunguka? Kwani hawana miguu?"

Nilicheka naye kwa mazoea, kisha kicheko kikakatika. Akilini nilimwona mzee Ng'wandu, jirani yetu kule kijijini, akiswaga ng'ombe wake waliokonda kuzunguka waya kwa sababu ya mdomo wangu.

Baada ya Kahama nilipanda juu ya lori la mchele. Vumbi la njia ile hubadili kabila: nilipanda Msukuma, nikashuka tofali.

Machimboni nilifika jioni, nikaenda moja kwa moja kwenye banda la chakula. Mwenyewe aliitwa Mama Leticia, Mzinza mwenye sauti ya kengele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, lakini usirudishe kiti nyuma. Nyuma yako kuna duara."

Nikageuka. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa hatua mbili tu kutoka mgongoni kwangu, jeusi tii.

"Hapo palikuwa na muhogo wangu," akasema akinipakulia ugali na dagaa wa Nkome. "Alikuja wa kwanza, akasema mama, kashimo kamoja tu. Wa pili naye kashimo. Kila duara wananipa fungu langu la mawe kama mwenye shamba. Na huo ugali unaokula ni wa muhogo nilioununua sokoni. Mwenye shamba!" Akacheka mpaka akashika meza.

Baba mdogo akatokea, mweupe kwa vumbi la kuponda mawe ya watu. Duara lake lilikuwa limefungwa: yeye na jirani walichimba mpaka mashimo yakakutana chini, kila mmoja akadai mwamba ni wake, viongozi wakawafungia wote.

"Baba mdogo, nilimdanganya yule mnunuzi," nikasema haraka kabla sijaogopa. "Nilimwambia yote ni yetu."

"Mjinga wewe. Lakini kipande ni chetu, nakiuza. Kuna ubaya gani?"

"Dume zako mbili tunazokulishia, Desemba zitalima zikiwa zimekula nini? Seng'enge?"

Akaninyanyulia kofi. Mama Leticia akadaka mkono wake hewani.

"Mwache. Mimi hakuna mtoto aliyenijia na swali hilo," akasema, na safari hii hakucheka.

Baba mdogo akanawa, akala. Alipomaliza akaniuliza, "Mama yako anataka nini hasa?" Nikamweleza. Akaangalia lile shimo nyuma ya kiti changu, akaniambia nilale mapema.

Tulirudi pamoja kwa njia ileile, yeye akisinzia, mimi nikiombea asibadili mawazo kila lori lilipoyumba. Mkutano ulitukuta tumeshafika. Mama, ambaye kijijini wanamwita Mama Shija, akasimama akatoa shauri lake.

"Mama Shija anagawa shamba kama pombe ya harusi!" mmoja akapaza sauti, watu wakacheka.

Baba mdogo akasimama. "Nimetoka mahali ambapo kila mtu ana chake," akasema, "na hakuna pa kufunga mbuzi. Shemeji amesema, na mimi nasema hivyohivyo."

Wakakubaliana: miti ya kujengea itabaki yetu, nyasi na njia ni za wote, malisho yatafunguliwa siku moja kwa wote, na hakuna wa kuuza. Mnunuzi akapelekewa jibu. Nami, kwa uongo wangu, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakanihukumu kung'oa ua wote wa minyaa peke yangu. Niliomba faini ya kuimba. Hawakucheka.

Nilichojifunza ni kwamba nyasi haziulizi mwenyewe ni nani. Zinauliza tu kama kuna aliyezilinda. Hayo niliyawaza nikiwa nang'oa, maana hakukuwa na kazi nyingine ya kichwa.

Shina la mwisho lilipotoka, mama alikuja akasimama pale ua ulipokuwa, akasema:

"Ua huu tuliupanda mimi na baba yako, na siku ile tuligombana. Yeye alitaka uzibe na njia ya ng'ombe, mimi nikakataa. Kanawe mikono, utomvu huo usikuingie machoni. Ugali unapoa."