Kazi Nyeupe ya Bethuel

Simu ya ukutani inalia asubuhi, na jiko zima linanyamaza. Mashine ya kukandia unga inazimwa. Wanawake wawili waliokuwa wakibishana juu ya bei ya vitunguu wanafunga midomo. Bethuel Wekesa ana unga mpaka viwikoni, kwa hiyo mwenye jiko, Muthoni, ndiye anayeinua mkono wa simu na kumwekea sikioni.

"Nipo, Bwana Mikael," anasema Bethuel.

Anayepiga ni msimamizi wake, Mswidi, lakini neno hilo ameshalizoea, halihitaji tena tafsiri. Anacheka kidogo, anakata. Mashine inaanza kunguruma tena na ubishi wa vitunguu unaendelea ulipoishia.

"Akipiga anikose, jioni nitalala jela," anaeleza Bethuel, huku akirudia madonge yake. Kisha anapandisha kidogo mguu wa suruali. Juu ya soksi ipo bangili nyeusi ya plastiki, ile inayotoa habari za mahali alipo. "Hii inasema mguu uko Rinkeby. Simu inasema hata kichwa kipo."

Jiko lenyewe liko chini ya jengo la ghorofa, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Rinkeby, Stockholm. Chapati zinazotoka hapa huuzwa katika maduka ya Waafrika ya mtaani, na nyingine hupelekwa hadi Märsta, ambako wafanyakazi wa uwanja wa ndege huzila na chai wakati wa mapumziko. Bethuel, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ndiye msukumaji mkuu. Chapati zake ni za duara kweli, jambo ambalo Muthoni anasema halikutarajiwa kwa mwanamume wa Kitale.

Alikuja Sweden miaka tisa iliyopita akimfuata mkewe aliyekuwa akisoma. Ndoa ikavunjika, kama nyingi zinavyovunjika ughaibuni. Binti yao Bridget, sasa wa miaka kumi na mitatu, anaishi na mama yake huko Bredäng, mtaa mwingine wa Stockholm. Bethuel akawa dereva wa huku na kule, wa mizigo ya watu asiowajua vizuri, na siku moja akakamatwa akitoka Denmark na gari lililojaa miraa.

Kwao Kenya miraa huuzwa kando ya barabara kama njugu. Nchini Sweden ni dawa ya kulevya, na gari zima la miraa ni kifungo cha miaka.

"Nisikudanganye," anasema. "Wengine hujitetea ati hawakujua. Mimi nilijua. Nilidhani tu sitashikwa."

Baada ya miaka miwili ndani, aliruhusiwa kumalizia kifungo chake katika kile Waswidi wanachokiita nyumba ya nusu njia. Si jela, si nyumbani. Asubuhi unatoka kwenda kazini, jioni unarudi kabla ya mlango kufungwa. Pombe hapana. Jumapili mchana unaweza kuwa na familia yako, na kwa Bethuel hilo ndilo lililokuwa na maana kuliko yote. Kwa miaka miwili alimwona Bridget kwenye chumba chenye mlinzi. Sasa waliweza kutembea kando ya maji Bredäng, mtoto akizungumza Kiswidi chake cha haraka, baba akidaka anachoweza.

Lakini nyumba hiyo ina sharti. Mkazi apate kazi ndani ya wiki sita, la sivyo anarudishwa gerezani. Na si kazi yoyote tu. Siku ya kwanza Mikael, msimamizi wa nyumba, alimkalisha chini akamsomea kanuni: mwajiri ajue kwamba umetoka jela, njia ya kwenda kazini ijulikane, usibadilishe saa bila kuuliza. Ya mwisho aliisema akiwa ameshainuka kwenda kuchukua kahawa. Inga svarta jobb.

Bethuel alikuwa amesoma Kiswidi chake gerezani, neno baada ya neno. Svart ni nyeusi. Jobb ni kazi. Akajumlisha mwenyewe: hakuna kufanya kazi ya watu weusi.

"Nikasema moyoni, haya, nchi ni yao."

Hakuuliza?

"Jela inakufundisha kutouliza. Mkubwa akisema, wewe unasema ja, ja."

Basi akaanza kutafuta kwa wazungu. Hoteli, maghala, shule, kiwanda cha mikate. Aliomba sehemu kumi na sita. Mbili tu zilimjibu, na zote mbili zilinyamaza pale alipotaja jela, kama kanuni ilivyomtaka.

Wiki ya tatu akapigiwa simu na Muthoni, aliyemfahamu kutoka kanisa la Wakenya. "Baba Bridget, nina shida ya mikono," Muthoni alimwambia. "Njoo unisukumie chapati. Mkataba upo, kila kitu kipo."

Jibu alilopata lilimwacha mdomo wazi. "Asante sana, Mama Njoroge. Lakini serikali imenikataza kazi ya watu weusi."

Muthoni si mwanamke wa kuambiwa jambo kama hilo akalala nalo. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua. Kikao kilifanyika baada ya ibada, chai ikapoa vikombeni. Mmoja alitaka waandamane na mabango hadi mjini. Mwingine akakumbusha kwamba hata Yusufu alitoka gerezani akapewa kazi, na Farao hakuuliza rangi ya mtu.

"Angesema kwa Kiswidi, ningemsahihisha palepale," anasema Muthoni, akitikisa kichwa. "Mimi nalipa kodi nchi hii miaka kumi na saba. Hiyo svart jobb naijua kama jina langu. Shida ni kwamba yeye aliniletea tafsiri!"

Maana Waswidi wanaposema kazi nyeusi, hawamtazami mtu usoni. Wanasema kazi ya pesa mkononi, ile isiyokatwa kodi wala kuandikwa popote. Kazi nyeupe ni ile iliyo wazi mbele ya serikali. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Bethuel, ambaye tangu afike alikuwa akifanya kazi za pesa mkononi, hakujua kwamba zina rangi.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kumharibikia kabisa. Wiki ya tano, rafiki yake Owen alimpatia kibarua cha kuhamisha samani. Mwenye lori alikuwa Mswidi mrefu, macho ya buluu. Malipo mkononi kila jioni, kuanza Jumamosi. Mungu si Athumani! Bethuel alimwambia Owen ndiyo kabla hajamaliza kueleza.

Ijumaa alikuwa na kikao na Mikael. Aliingia akitabasamu, akatangaza kwamba amepata kazi nyeupe.

"Vizuri sana. Mkataba uko wapi?" Mikael aliuliza.

"Hakuna mkataba. Ananilipa mkononi."

Mikael akaweka kikombe mezani. "Bethuel, hiyo ni nyeusi."

"Hapana, Bwana Mikael. Ni mweupe kabisa. Nimemwona mwenyewe."

 Kisha Mikael akamwuliza taratibu, alipokatazwa nyeusi yeye alielewa nini?  Bethuel alijigusa kifua.

Mikael anakiri kwamba alitamani sakafu ipasuke. "Sentensi hiyo nimeisema kwa miaka kumi na miwili," anasema. "Sikuwahi kujiuliza inasikikaje kwa mtu anayenitazama." Alimwomba Bethuel radhi, akamweleza maana yake, halafu akauliza kama kuna kazi yoyote aliyoikataa kwa sababu hiyo.

Ilikuwepo moja. Wakampigia Muthoni papo hapo.

Muthoni aliposikia kwamba anayezungumza ni msimamizi, alidhani ameamua kujitetea, naye akampa vidonge vyake kwa Kiswidi safi. Kanisa likatajwa, Farao akatajwa. Mikael alisubiri mpaka mama wa watu alipovuta pumzi, ndipo akaingiza maelezo. Muthoni alicheka hadi akakaa juu ya gunia la unga.

Bethuel hakucheka. Alilia, mbele ya Mikael, na haoni aibu kulisema.

"Ningekwenda Jumamosi ile, bangili ingewaonyesha niko wapi, nao wangejua ninafanya nini. Ningerudishwa ndani bila kujua nimekosa nini. Na Jumapili mtoto angekaa Bredäng akinisubiri." Anageuza chapati. "Nilihisi kama nimetua gunia. Mpaka mabega yaliuma kwa kule kupumzika."

Jumatatu alianza kazi. Kazini kwao mzaha huo haujaisha, na Muthoni hana mpango wa kuuacha uishe. Kila Bethuel akitoka kwenye unga, humwonyesha kwa wenzake. "Mtazameni huyo. Aliambiwa kazi nyeupe, akaitii mpaka nyusi."

Mshahara wake hupita benki, ukiwa umekatwa kodi. Makato yanauma, anasema, ila ni maumivu ambayo mtu anaweza kumwonyesha mtoto wake. Mikael naye amebadilisha usemi. Wakazi wapya siku hizi huambiwa waziwazi kwamba kinachokatazwa ni kazi isiyolipiwa kodi, na huombwa wairudie kwa maneno yao wenyewe. Rangi haitajwi.

Imebaki miezi miwili bangili ikatwe. Muthoni ameshasema kwamba hamwachii mtu msukumaji wake, na Bethuel anatafuta chumba Bredäng, karibu na Bridget, chenye jiko lake mwenyewe ili amfundishe mtoto kukanda. Baadaye, Mungu akijalia, angependa meza ndogo ya chapati Jumamosi karibu na kituo cha treni cha huko. Meza yenye risiti, anasisitiza.

Mchana, chapati za mwisho zikiwa kikaangoni, simu inalia tena. Si kawaida ya Mikael kupiga mara mbili. Mashine inazimwa. Muthoni ameinamia sufuria, hata hanyanyuki, na kwa mtu ambaye kila asubuhi ndiye anayeinua simu, hilo lingemshtua yeyote. Bethuel anajifuta mikono haraka kwenye aproni na kupokea mwenyewe.

"Nipo."

 Upande wa pili sauti ya msichana inauliza kwa Kiswidi kama ni pappa, na kama Jumapili atakuja. Namba amepewa kanisani na Muthoni.

Bethuel anaegemea ukuta, unga wote wa mgongoni ukibaki hapo.

"Nipo, mama," anamwambia. "Jumapili nipo."