Nusu ya Kichwa

Mama alimsuka mwanangu nusu ya kichwa, akaweka kitana chini na kusema kifua kinambana. Ilikuwa Jumamosi mchana, uani kwetu Nyasubi, Kahama, mtoto ameketi katikati ya magoti ya bibi yake akilalamika kama kawaida kwamba anavutwa. Upande wa kushoto ulikuwa na mistari minne ya twende kilioni, imelala vizuri. Upande wa kulia kila unywele ulisimama kivyake.

"Tutamalizia kesho, mjukuu wangu," Mama alisema huku nikimwinua kumpeleka kwenye bajaji twende hospitali. "Mtu asikuguse kichwa. Hii ni kazi yangu."

Mtoto alikuwa na miaka minne, na agizo hilo alilishika kuliko yote niliyowahi kumpa mimi.

Mama alifariki asubuhi ya Jumapili, hospitalini. Niliporudi nyumbani, mtoto alikuwa mlangoni, kitana mkononi. "Bibi yuko wapi?" Nikamjibu, "Amelala. Akiamka atakuja kukumalizia." Maneno yalinitoka yenyewe. Nilijiambia nitamweleza ukweli jioni, na jioni ilipofika nikasema kesho. Mimi ambaye soko zima la mchele hakuna anayeniweza kwa mdomo, nilimwogopa mtoto wa miaka minne.

Tulimsafirisha Mama hadi kijijini kwao, upande wa Geita. Siku ya mazishi nilimpeleka mtoto kwa jirani akacheze na wenzake, nikawaomba ndugu wasimwambie kitu. Waliitikia, ila kwa kunitazama vibaya. Aliporudi alipita kwa kila mwanamke aliyekaa mkekani, kichwa nusu kimesukwa nusu timutimu, akiuliza, "Bibi hajaamka?" Wanawake wakajifunika kanga usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya tatu ilikuwa ya kunyoa. Katika ukoo wetu ndugu, watoto na wajukuu wa marehemu hunyolewa kichwa chote ndipo watu watawanyike, na asiyenyolewa huhesabiwa kwamba ameondoka na msiba kwenda nao kwake. Mwenye wembe alikuwa mama mkubwa, dada yake Mama, mwanamke ambaye hata mbwa wake humpisha njia. Yeye alikuwa amenyolewa wa kwanza, kisha akaninyoa mimi na kaka yangu. Akafungua wembe mpya.

"Mayu, njoo," akamwita mwanangu. Ndivyo watoto wa kike wanavyoitwa kwetu: mayu, yaani mama.

Mtoto alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Bibi alikataza."

"Bibi yupi?"

"Bibi yangu. Akiamka atanimalizia."

Mama mkubwa alinigeukia polepole. "Hujamwambia?"

"Mama mkubwa, nakuomba huyu umwache. Ni mtoto."

"Nimwache aende na msiba kichwani? Marehemu ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja. Nimemzika juzi mchana kweupe, na wewe unamficha kana kwamba alikufa akiiba!"

Sauti yake ilimtisha mtoto, akakimbilia ndani. Nilimkuta amejibana nyuma ya magunia ya mpunga, kitana amekikumbatia. Nilipiga magoti. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ile hospitalini, na sababu naijua: hospitalini sikuwa nimemkosea mtu.

"Bibi amekufa," nikasema. "Tumemzika. Haamki tena."

"Ulisema akiamka atakuja."

"Nilikudanganya."

Hakulia. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma, maana kilio ningekiweza. Kisha akauliza, "Sasa nani atamaliza?"

Hapo ndipo nilipohisi mtu nyuma yangu. Mama mkubwa alikuwa ameingia, sijui tangu lini. Alikaa sakafuni, magoti yakimsumbua, akapitisha kidole kwenye ile mistari minne, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akaurudisha wembe kwenye karatasi yake.

"Bibi yako nilimfundisha kusuka mimi," akamwambia mtoto. "Alikuwa mdogo kama wewe, ananivuruga nywele zangu mpaka nalia. Nipe kitana."

Mtoto alisita. Alinitazama, kisha akaacha kunitazama, akampa.

Nje watu walisubiri. Kaka yangu alichungulia mara mbili kusema basi la Kahama litatuacha, na mara zote mbili alifukuzwa. Mama mkubwa alisuka mistari minne upande wa kulia, akivuta kamasi, machozi yakimdondokea mtoto shingoni. Safari hii mtoto hakulalamika kwamba anavutwa. Kazi ilipokwisha alipapasa kichwa pande zote mbili, akahesabu kwa vidole.

"Imeisha?"

"Imeisha, mayu. Kazi ya bibi yako imeisha."

Akainamisha kichwa mwenyewe. Mama mkubwa akautoa wembe, na mistari yote minane ikaangukia kwenye kanga niliyoikinga. Nililia kwa sauti, kilio cha Mama na cha kwangu, na hakuna aliyeninyamazisha. Basi tuliliwahi.

Nywele zake zimeshaota, na sasa anakubali kusukwa na yeyote. Mama mkubwa hupiga simu kila Jumapili kuzungumza naye, mimi huniambia shikamoo yangu ameipokea, basi. Biashara yangu ya mchele inaendelea. Lakini kila asubuhi nikijifunga kanga kwenda sokoni na kumwambia narudi, mwanangu hunifuata hadi mlangoni na kunishika nguo.

"Unarudi kweli," ananiuliza, "au kama bibi?"