Jani Lisilokataliwa

Masika ya mwaka ule nyumba yetu ya Kibosho ilinuka mavi ya ng'ombe na migomba iliyolowa, na mimi, msichana wa miaka kumi, nilikwama humo na babu. Mama alishinda Moshi sokoni akiuza mitumba, maana kahawa haikuwa na bei tena. Babu hakukubali mlango ufungwe hata mvua ikiingia, nami nilitetemeka na kununa. Siku moja nikaufunga kwa hasira. Mzee akalia. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima akilia, ikabidi anieleze.

Katika vita ya Mjerumani, yeye na jirani yake Kiwia walichukuliwa kubeba kuni kwenye boti ya mvuke huko Rufiji, ambako meli ya kivita ya Wajerumani ilikuwa imejificha. Waingereza wakaupanda mto na meli zao kuiwinda. Mizinga ilipoanza, babu alitoka mbio kwenye chumba cha kuni akaubana mlango nyuma yake, kwa woga tu. Kiwia alikuwa bado ndani. Aligonga, akamwita kwa jina. Babu akaruka majini, boti ikazama. Aliporudi nyumbani alisema Kiwia kafa kwa homa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya babu ilikwenda miaka zaidi ya sabini.

Kwa padri alikwisha kuungama. Kwa Anastazia, mdogo wake Kiwia, bado, na aliogopa kufa hivyo. Akanituma nikate isale, lile jani refu la mpakani ambalo kwetu ukiletewa kuombwa radhi huna ruhusa ya kukataa. Nikamshika mkono, tukapanda polepole hadi kwake.

Bibi Anastazia alisikiliza mpaka mwisho, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, kaka. Mila hainipi pa kupita," alisema. "Lakini mama alijilaumu mpaka anaingia kaburini, kwamba hakumfungia mwanawe dawa ya homa."

Babu alirudi mwepesi, akaomba bakuli la mtori wa ndizi. Nilimpenda sana babu, na jioni ile nilimchukia.

Siku hizi masale mengi yameng'olewa, mipaka ni kuta za tofali, na watu huombana radhi kwa ujumbe wa simu ambao unaweza kuusoma ukanyamaza. Ndugu zangu wanasikitika kwamba mila imekufa. Mimi nasikitika nusu. Nilimwona bibi yule amesimama uani na jani mkononi, amekwisha kusamehe, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.