Kipande cha Mama Kule Mjini

Wameifungua tena ile barabara, rafiki yangu. Ilikuwa imezungushiwa mabati miezi na miezi, ukipita unasikia mashine zinanguruma ndani tu, na Jumamosi iliyopita mabati yakatolewa, watu wakaingia kushangaa. Nilimpeleka mama. Alikuwa ameniomba tangu aliposikia habari redioni, na mama si mtu wa kuombaomba, kwa hiyo nilivaa nikatoka naye, ingawa moyoni sikutaka kabisa. Utanicheka, mtu mzima mwenye mtoto wake, lakini ile barabara nimeionea wivu tangu nina miaka tisa, na mpaka Jumamosi wivu ulikuwa haujaniisha.

Ngoja nikueleze vizuri. Mama alikuwa mfagiaji wa jiji hapa Kampala. Wakati ule, katikati ya mji, ukishuka kuelekea teksi paki ya zamani, kituo cha matatu, kila mfagiaji alikuwa na kipande chake. Cha mama kilianzia kwenye kona ya duka la dawa na kuishia kwenye duka la viatu. Hakuna aliyechora mpaka, ila wenyewe waliujua, na ole wako umsukumie mwenzako taka zako upande wake. Lami ilikuwa nyembamba na kando yake palikuwa na vumbi jekundu, pana, na mfagiaji akimaliza kazi ufagio wake uliacha alama kwenye lile vumbi. Wengi walivuta mistari iliyonyooka, shwa, shwa, wakaondoka. Mama alikuwa anapinda mkono. Alama zake zilikuwa nusu duara, moja imeingia ndani ya nyingine, kutoka kona hadi duka la viatu, na wafagiaji wenzake walizijua kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Maduka yakifunguliwa watu walizikanyaga zote. Kesho yake anazipiga tena.

Nilizijuaje? Alinipeleka mwenyewe Jumapili moja. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, nikidhani tunakwenda kununua kitu, kumbe nimepelekwa kuonyeshwa vumbi. Alinishika bega akaniambia, "Hiki ndicho changu." Banange! Uso wake ulivyokuwa! Nilimtazama mama yangu nikajiuliza kama aliwahi kunisema mimi hivyo, kwa sauti ile, mbele ya mtu yeyote. Sikukumbuka hata siku moja. Tulirudi nyumbani nimenuna njia nzima.

Nyumbani kulikuwa Namuwongo, chumba kimoja karibu na reli, na uwanja mdogo mbele ya mlango. Baba alikuwa askari polisi, leo yuko wilaya hii, kesho kahamishiwa ile, tulimwona kwa nadra. Aliyetulea mchana kutwa ni nyanya, mama yake baba, mtu wa kaskazini. Mama ni wa Busia upande wa Kenya, kwa hiyo hao wawili walikutana kwenye Kiswahili tu. Cha mama kilikuwa cha shuleni. Cha nyanya kilikuwa cha kambi ya jeshi, alikokaa na babu miaka yote, kimekatwakatwa na hakina subira. Mama akigusa ufagio pale nyumbani, nyanya alimnyang'anya. "Wewe nafagia mji mzima, sasa nataka fagia na hapa? Keti!" Basi uwanja wetu ulifagiwa na nyanya, mistari iliyonyooka, hakuna nusu duara hata moja. Mimi nikasema moyoni, naona, nusu duara ni za barabara. Sisi hatustahili.

Nikiamka asubuhi, upande wa mama kitandani ulikuwa umeshapoa. Nyanya alikuwa nje anakoroga uji wa mtama, moshi wa mkaa unaingia ndani, treni ya mizigo ikipita vikombe vinatetemeka kwenye beseni. Akimaliza uji ananiita nipakwe mafuta. Mikono ya nyanya, jamani! Alikuwa anapaka kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Anashika mguu, vuu, anashika wa pili, vuu, nenda shule. Na mlango wa pili alikaa jirani yetu aliyekuwa akikaanga chapati kibarazani kwake. Binti yake tulikuwa darasa moja. Kila asubuhi yule mama aliacha chapati zake, akafuta mikono, akamweka binti kwenye kigoda, akampaka mafuta polepole, kidole kimoja kimoja cha mguu, huku wanacheka. Nilikunywa uji wangu nikiwatazama juu ya kikombe. Nilimchukia yule mtoto bila kosa lolote.

Sasa sikia nilichofanya. Shuleni palikuwa na siku ya wazazi, na mwalimu alinichagua kusoma shairi mbele ya watu. Mama aliahidi kuja. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akapewa, akatoa gomesi yake ya kijani, gauni la sherehe, akainyoosha. Zikabaki siku mbili, likatoka tangazo kwamba mjini kuna wageni wakubwa wa nchi, ruhusa zote zimefutwa, kila mfagiaji awe kwenye kipande chake, uchafu usionekane. Mama alikunja gomesi akairudisha sandukuni. Aliyekuja shuleni ni nyanya, alilala usingizi kabla sijafika ubeti wa pili. Mama wa chapati alipiga makofi kwa ajili ya binti yake ambaye hakusoma chochote.

Kesho yake nilijua la kufanya. Jirani huyo huyo wa chapati alikuwa na lundo la maganda ya matoke nyuma ya jiko, ya siku tatu, yameshaoza na inzi juu yake. Nikayajaza kwenye mfuko wa unga wa posho, nikajitwika, nikafuata reli mpaka mjini. Shule sikwenda. Maji ya maganda yalinichuruzika shingoni njia nzima. Nilipofika, mama alikuwa amemaliza, ameegemea toroli lake karibu na duka la viatu, anakunywa chai ya kikombe cha plastiki na mwenzake. Kipande chote kilikuwa kimejaa nusu duara zake, hakijakanyagwa. Wallahi kilipendeza. Nilipoona kinavyopendeza ndipo hasira ikanipanda kabisa. Nikaumimina mfuko wote pale kona ya duka la dawa, nikautupa na mfuko wenyewe, nikakimbia.

Nilitaka nini? Nilitaka wamfukuze, arudi nyumbani. Ndiyo hesabu ya mtoto wa miaka tisa. Hawakumfukuza. Msimamizi alipita kukagua kabla mama hajafika kona, akakuta maganda na inzi, na hakutaka kusikia maneno. Kipande alipewa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Mama akahamishiwa kwenye gengi la kuzibua mitaro, kule chini kwenye mfereji mkubwa, viatu vya gumbuti hadi mapajani, koleo mkononi, makaveera, ile mifuko ya plastiki, na matope na mengine ambayo sitayataja ukiwa labda unakula. Na huko ndiko alikobaki mpaka alipostaafu. Tena alikuwa anarudi nyumbani amechelewa zaidi, na akirudi ananawa nje kwanza, sabuni mara mbili, mara tatu, kabla hajaruhusu mtu amkaribie. Nilikuwa nataka mama mzima, nikapunguziwa hata yule nusu niliyekuwa naye.

Jioni ya siku ile alirudi na ule mfuko. Ulikuwa na pindo la uzi mwekundu aliloshona nyanya, hakuna mfuko mwingine wa namna ile Kampala nzima. Aliufua, akauanika kwenye kamba, na ulipokauka akaukunja akauweka juu ya mto wangu. "Huu ni wa nyanya yako," alisema. "Usiupoteze tena." Basi. Hakuuliza, hakunichapa, na mimi sikusema. Tumeishi na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini na mitano, tunapitishiana chumvi mezani.

Jumamosi, basi, tukashuka mimi na yeye. Sikudanganyi, barabara imependeza, mshenzi yule. Matofali ya rangi mbili yamepangwa kama mkeka, taa ndefu, mabenchi, mapipa ya taka kila hatua chache, miti michanga imefungiwa kwenye vyuma. Waliokuwa wakitandaza nguo na mahindi chini wameondolewa, na askari wa jiji wamesimama kona zote mbili. Mtu anatembea na simu mkononi bila woga. Nilisikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Sasa huu ndio mji." Nikasonya. Mji ulikuwepo, dada, ulikuwa unafagiwa na mama yangu.

Kwenye kona ya duka la dawa, ambalo siku hizi linauza simu, msichana mwenye ovaroli alikuwa anafagia. Mama alimwendea moja kwa moja. "Pole na kazi, mwanangu."

"Asante, mama."

Mwanangu! Mama! Nimesimama pembeni na mkoba wangu, moto umeniwaka kifuani kama vile nina miaka tisa. Mama akamwelekeza aanzie upande wa juu, kwa sababu mvua ikinyesha maji hukusanya taka pale chini. Msichana akacheka, akampa ufagio. Mama akapinda mkono, akavuta, mara tatu, mara nne. Tukatazama chini wote watatu. Hakuna alama. Tofali ni safi, halina vumbi la kuandikia.

"Haishiki," mama alisema, akarudisha ufagio.

Tulikaa kwenye benchi. Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nikamwambia, "Mama, yale maganda."

"Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapaje? Mara ngapi mimi mwenyewe nilitamani kumwaga taka pale nirudi nyumbani." Akawa anatazama miguu ya watu. "Nilikuwa namwonea wivu nyanya yako. Kila asubuhi. Nikifika hapo kona nasema, sasa hivi anampaka mtoto wangu mafuta. Na ufagio wa pale nyumbani ulikuwa wake. Nikabaki na vumbi hili. Nikasema basi, nalo nilipambe."

Nililia, rafiki yangu, pale pale mbele ya askari wa jiji. Miaka yote hiyo nimelichukia vumbi, kumbe na yeye amekaa nalo kwa kunikosa mimi. Lile vumbi lenyewe limefunikwa na matofali, nyanya amekufa, chumba cha Namuwongo kilivunjwa, na mtu akinitaka nimwonyeshe zile nusu duara sina pa kumpeleka.

Siku hizi mama anakaa kwangu Kamwokya. Mimi kazi yangu iko Kabalagala, natoka mapema kuwahi foleni ya magari, na mama ndiye anayemwandaa binti yangu kwenda shule. Anamkalisha kwenye kigoda, anampaka mafuta polepole, kidole kimoja kimoja, huku wanacheka. Ndiyo, nao nawaonea wivu, usiniulize nani zaidi.

Jumatatu asubuhi kiatu changu kimoja kikapotea. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, foleni inanisubiri, nakuja kukikuta ndani ya ndoo ya mchele, kimefukiwa vizuri hadi kisigino. Nikatoka nacho kibarazani. Binti yangu alikuwa kwenye kigoda, mguu mmoja umeshapakwa unang'aa, wa pili bado, na alikuwa anatazama sakafu. Mama hakuinua uso. Nikapangusa vumbi la mchele. Kisha nikavua na kile cha pili, nikakaa chini, nikamwambia mama anipe mafuta, mguu uliobaki naupaka mimi.