Jina Tusilolitaja Nyumbani Mwetu

Naomba msimamizi wa ukurasa huu afiche kila kitu kinachonitambulisha. Nina miaka ishirini na minane, ninaishi Lubumbashi, nina shahada ya sheria, mke, na binti mmoja wa miaka miwili. Ninasoma sana, ninapenda mabishano, na ni nadra kushindwa. Safari hii ninashindwa na watu wa nyumbani mwangu.

Mwezi uliopita binti yetu alishikwa na homa kali. Nilikuwa nimempakata sebuleni, mchana, ghafla mwili wake ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka. Macho yalipinduka, alinitazama bila kuniona. Macho hayo bado ninayaona. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Pweto, akapiga kelele: “Ni ndege! Imemuingia mutoto!” Ndivyo kwao wanavyoita degedege.

Hospitalini alizinduka. Daktari alieleza kwamba ni homa ya malaria iliyoleta degedege, na watoto wengi hupona bila madhara. Likirudi, tumlaze ubavu, tusimtie chochote mdomoni, tumlete upesi.

Nilidhani mjadala umekwisha. Lakini katika ukoo wa mke wangu, mtoto aliyeguswa na ndege haitwi tena jina lake, maana ndege amekwisha kulijua. Anaitwa “weye” tu, mpaka baba mzazi amtamkie jina jipya mbele ya mganga. Jumamosi wanataka twende Pweto.

Nilipinga kwa hoja zote nilizo nazo. Mama mkwe akacheka, akaniita kwa cheo cha shahada yangu. “Licencié, diplôme yako ilifanya nini wakati macho ya mutoto ilipinduka?”

“Mama, ile ilikuwa homa.”

“Na homa ikirudia?”

Mke wangu hakucheka. “Sema tu ile jina, baba. Roho yangu itulie.”

Nikikubali, najua homa ijayo mtoto atapelekwa kwa mganga kwanza. Nikikataa na degedege likarudi, kwao nitakuwa mimi niliyemwita ndege.

Jana nilimwita binti yangu kwa jina lake. Hakugeuka, aliendelea kugonga kifuniko cha sufuria. Nikataka kurudia kwa sauti kubwa zaidi, ulimi ukagoma. Mimi, nisiyeamini, niliogopa kwamba angeitika ndege, si yeye.

Mmeona sijaliandika hapa. Ukurasa haukulificha, ni mimi. Ndugu zangu, nishaurini: Jumamosi nifungue kinywa, au nikifunge?