Mfungo wa Mama

Mama alipoanza kupigwa mionzi ya saratani ya titi, alihamia kwangu, mtaa wa Nyakato, ili awe karibu na hospitali. Mwanzoni alikula vizuri tu. Kisha jioni moja nikamtengea ugali na samaki sato wa kuchemsha, akaisogeza sahani pembeni. "Nimefunga, mwanangu. Naomba Mungu amalizie kazi."

Kwetu mtu akishasema amefunga, humsumbui na chakula. Akina mama wa maombi walimsifu, wengine wakafunga pamoja naye, na mimi nikajigamba kwa majirani. Lakini mfungo una saa ya kufungua. Mama ikifika jioni alikunywa maziwa yaliyopoa tu, kwa kijiko, amefumba macho, na magauni yakaanza kumpwaya. Siku nilipomkuta uani akitema uji, nilikasirika. Nilimuuliza huyo Mungu anayekataza wagonjwa uji ni yupi.

Akakaa kwenye kigoda. "Ugonjwa umehamia kooni," akasema. "Nikimeza kitu kinachoma mpaka hapa kifuani. Kesho siendi. Wanachoma titi, na wenyewe umeshahama."

Nililia jikoni, nimefungulia bomba asinisikie. Asubuhi nilimpeleka hivyo hivyo, kwa kumbembeleza na kwa ukali, na ukali ndio uliofanya kazi.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, akamchunguza. Akaeleza kwamba mionzi haikupigwa kwenye titi peke yake, ilipigwa pia kwenye tezi za karibu na shingo. Njia ya chakula inapita papo hapo, nayo ikababuka bila kuwa na kosa lolote. Itapona yenyewe mionzi ikishaisha.

"Kwa hiyo huu si ugonjwa mwingine?" Mama akauliza.

"Si mwingine, mama. Ungetuambia mapema tungekupa dawa mapema."

Jioni ile alikunywa dawa yake ya maji, akakata kitonge kidogo, akakichovya kwenye mchuzi, akameza. "Kinauma," akasema, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Akakata kingine. "Na hiki kinauma." Nilimwambia apunguze kelele, watu tunakula. Akaendelea kulalamika mpaka sahani ikaisha, na sijawahi kufurahia malalamiko ya mtu kama nilivyofurahia yale.