Mkataba wa Kipindupindu

Nilikaa mtaani na cheti changu cha unesi hadi watu wakasahau kwamba nilisoma. Nilikuwa nauza maandazi Kibiti, kando ya barabara kuu, na shangazi yangu hakuchoka kuuliza huyu ni nesi gani asiye na wodi. Kisha mto ukafurika, maji ya vyoo yakaingia visimani, kipindupindu kikazuka. Ghafla nikawa mtu wa kutafutwa. Mradi mmoja uliniajiri pamoja na wenzangu wawili, tukapelekwa kwenye zahanati moja upande wa Mtunda, iliyokuwa na nesi mmoja tu. Mkataba ulisema wazi kwamba ni wa kipindi cha mlipuko. Ugonjwa ukiisha, nasi basi.

Kazi ile niliipenda, sitaki kudanganya. Wagonjwa tuliwalaza kwenye mahema nyuma ya jengo, tukawatundikia dripu na kumwaga ndoo zao, na jioni tuliwafundisha ndugu zao kuchemsha maji. Mshahara wa kwanza nilimnunulia mama yangu godoro. Lakini kila hema lililobaki tupu lilinifurahisha, na papo hapo likanikumbusha mkataba wangu. Sijui ni kazi gani nyingine ambayo mtu huifanya kwa bidii ili aachishwe mapema.

Mgonjwa wetu wa mwisho alikuwa mkata mikoko kutoka visiwani, aliyeletwa na mkewe kwa mtumbwi akiwa hajiwezi. Siku ya kuondoka alitembea kwa miguu yake. Mkewe akasimama mlangoni pa hema, akainua mikono na kutuombea dua sote tuliomhudumia mumewe, kisha akamalizia, "Na gonjwa hili Mwenyezi Mungu aling'oe kwetu, lisirudi tena."

Niliitikia amin kwa sauti, nikijua ninaomba kibarua changu kiote nyasi. Na kweli kikaota.

Mahema yalipokunjwa, ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Nilipita barazani na begi langu kumuaga yule nesi wa zahanati, aliyekuwa amebaki peke yake kama zamani. Foleni ya akina mama ilikuwa imetoka nje hadi uani, na yeye hakupata hata nafasi ya kunyanyua kichwa. Mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa aliponiona akaniambia nivae sare upesi, wamekaa pale tangu asubuhi. Nikamweleza taratibu kwamba mimi sina kazi tena, maana ugonjwa umekwisha.

Akanitazama, kisha akaitazama foleni nzima. "Kwani sote tushapona, mwanangu?"

Hasira ilinipanda, wala si juu yake. Nikaweka begi chini, nikampima mtoto wake, kisha nikampima aliyefuata, bure.